Darasa limegoma kwenye ushairi? Anza na dalili ndo ujue pa kushika

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hii ni yetu sisi tunaofundisha sekondari hapa Kenya, iwe bado uko na watoto wa mfumo wa 8-4-4 ama umeshapokea wale wa mtaala mpya wa CBE, manake shida za ushairi ni zilezile. Mtoto anaandika insha vizuri, sarufi anaiweza, riwaya ameisoma hadi anakusimulia wahusika wote na ugomvi wao, lakini mkifika kwa shairi anakuangalia tu. Alafu sisi tunafanya nini, tunaongeza notsi. Tunaongeza istilahi. Muhula unaisha mtoto amekariri majina ya bahari, yaani mitindo ya mashairi, hata zile hajawahi kuona mfano wake, na bado hawezi kukwambia shairi lililo mbele yake linasema nini.

Mimi naamini sehemu kubwa ya haya inatoka mahali pamoja: shairi la Kiswahili linatungwa lisikike, na sisi tunalipeleka darasani kama maandishi ya kuangalia kimya kimya. Lakini si kila dalili ina chanzo hicho, zingine ni msamiati, zingine ni vile mtihani unauliza, kwa hivyo angalia dalili yenyewe kabla hujaamua utafanya nini.

Nitatumia ubeti huu nimeutunga wa kufanyia kazi, unaweza kuuandika ubaoni kesho asubuhi ukitaka:

Mtoto hakuja shule, nyumbani wamemuweka,
Mto umefura kule, daraja limevunjika,
Baba kafuata wale, ng'ombe waliotoroka,
Jina lake acha pale, kesho kutwa atafika.

Dalili: ukisema "leo ni ushairi" darasa linaguna ama linanyamaza kabisa

Usikimbilie kusema watoto wa siku hizi hawapendi fasihi. Hao hao wanajua nyimbo nzima nzima kwa kichwa, mistari ya rap inayoenda mbio ambayo wewe na mimi hatuwezi hata kuifuata, kwa hivyo masikio wako nayo na kumbukumbu wako nayo. Angalia badala yake walikutana vipi na shairi mara ya kwanza. Mara nyingi ilikuwa ni orodha ya istilahi ubaoni, ubeti ni nini, mshororo ni nini, alafu shairi lenyewe likaletwa kwa karatasi ya mtihani wa mwaka fulani na maswali yamepangwa chini yake kuanzia (a). Waulize tu, nani hapa amewahi kusikia shairi likighaniwa? Kama mikono haiendi juu, umeshapata chanzo.

Cha kufanya: kipindi cha kwanza chote usitaje istilahi hata moja. Ghani. Huo ubeti hapo juu una mizani nane kwa nane, yaani mapigo nane kila kipande, ni mwendo ambao sikio lolote linaushika haraka, na kama huna sauti usijali manake kughani si lazima uimbe vizuri, ni kufuata mapigo na kuvuta mwisho wa kila kipande. Gawanya darasa mara mbili, upande wa dirishani waseme kipande cha kwanza, upande wa ukutani wajibu kipande cha pili, alafu mshororo wa mwisho wote kwa pamoja. Wabadilishane. Rudieni hadi hakuna mtu anaangalia ubao tena. Baada ya hapo uliza swali moja tu, nini kimetokea? Watakwambia mto umejaa, daraja hakuna, mzee ametafuta ng'ombe, mtoto ameachwa nyumbani. Wameelewa shairi na hujafundisha kitu bado.

Kuna watu wataona hii ni kupoteza kipindi. Hapana. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalibaki vinywani mwa watu miaka mingi baada ya yeye kufa ndo yakaja kukusanywa na kuandikwa. Kama kuna mwanafunzi ana mjomba ama nyanya anayejua kughani, mwombe ruhusa amrekodi kwa simu na mje msikilize darasani, sauti ya mtu mzima anayemjua inafanya kazi kuliko kitabu chochote.

Dalili: mizani hazitimii, mmoja anapata 7, mwingine 9, na kila mtu ana uhakika

Hapa vyanzo ni zaidi ya kimoja na ukisahihisha ovyo utawachanganya zaidi, kwa hivyo chukua daftari la mtoto uone amekosea wapi hasa.

Kama "mtoto" amehesabu mbili, shida ni ile m. Ameshazoea kusoma Kiingereza na anaona m haiwezi kusimama bila vokali. Mwambie apige kofi kwa kila pigo: m-to-to, tatu. M-to, mbili. M-ke, mbili. Hiyo m inasimama yenyewe.

Kama amehesabu "nyumbani" nne, ameenda upande wa pili, sasa anasimamisha kila m anayoiona. Hapa m imeshikana na b, ni nyu-mba-ni. Na ng'ombe ni ng'o-mbe, mbili basi. Kuna mahali pagumu kidogo ambapo hata walimu tunabishana, "mbaya". Ukisema nyumba mbaya, ni mba-ya, mbili. Ukisema mtu mbaya, ni m-ba-ya, tatu, kwa sababu ile m ni ya ngeli ya mtu, imekuja kivyake kama ile ya mtoto. Sema hayo maneno mawili kwa sauti polepole utasikia tofauti, na ukimwandikia tu mtoto kwa ubao bila kuyasema hataiona.

Kama amehesabu "kafuata" tatu, amemeza vokali. Ka-fu-a-ta. Vokali mbili zikifuatana kila moja ni mizani yake, ka-a, mu-u-nga-no. Lakini mwa, kwa, nya, shwa hizo ni pigo moja moja, mwa-li-mu ni tatu.

Maneno ya kukopa kama daftari, labda, maktaba yanaleta vita, hiyo f ya daftari wengine wanaisikia inajisimamia na wengine hawaisikii. Usiamue kwa kalamu. Ghani kipande kizima uone mshairi alihitaji ngapi itimie sawa na vipande vingine, shairi lenyewe litakujibu.

Alafu sasa kuna chanzo cha mwisho ambacho ndo kitamu: mtoto amehesabu vizuri ila ameandika upya neno kichwani. Angalia mshororo wa kwanza. Wengi watasoma "wamemweka" kwa sababu ndo Kiswahili wanachokijua, nyu-mba-ni wa-me-mwe-ka, saba. Ubaoni kumeandikwa "wamemuweka", wa-me-mu-we-ka, inatimia nane. Usimwambie amekosea. Muulize, kwa nini mtunzi ameandika vile? Akishasema "ndio zitimie" basi ameshagundua mazida, yaani kurefusha neno, mwenyewe, na hilo halitamtoka. Fanya hivo hivo kwa "kafuata", ingekuwa "amefuata" kipande kingekuwa tisa, akafupisha, hiyo ni inkisari. Na "nyumbani wamemuweka" badala ya "wamemweka nyumbani" ni kwa ajili ya kina cha mwisho kiwe ka, amepindua mpangilio, hapo ndo tunasema ameboronga sarufi. Sehemu kubwa ya uhuru wa mshairi umeifundisha ndani ya ubeti mmoja, na kila aina ina sababu inayoonekana. Mtoto akiambiwa kwenye mtihani ataje na atolee mfano hatakwama, manake anajua inkisari inafanya nini, si jina tu.

Dalili: ukiuliza bahari anakwambia tarbia, ukiuliza aina anakwambia ukaraguni, ama anaandika zote na kuomba Mungu

Chanzo ni orodha. Tumewapa majina yote kwa ukurasa mmoja, tathlitha na pindu na mathnawi na msuko zimefuatana, kama vitu vya aina moja vinavyoshindana, wakati kila jina linajibu swali tofauti. Tarbia inajibu swali la mishororo mingapi kwa ubeti. Mathnawi inajibu vipande vingapi kwa mshororo. Ukaraguni inajibu vina vinafanya nini ukitoka ubeti huu kwenda ule. Kwa hivyo shairi moja linaweza kuwa tarbia, na mathnawi, na ukaraguni, na pindu, zote kwa wakati mmoja na hakuna ubishi.

Tupa orodha, fundisha maswali. Mishororo mingapi: miwili tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa. Vipande vingapi: kimoja ni utenzi, viwili mathnawi, vitatu ukawafi. Vina vikoje beti zote: vikifanana kote ndani na nje ni mtiririko, vikibadilika ndani na nje ni ukaraguni, vikibadilika upande mmoja tu na mwingine ukabaki ni ukara. Kuna neno linarudi mwanzo mwanzo? Kikwamba. Kuna mshororo wa mwisho uliokatwa ukawa mfupi kuliko wenzake? Msuko.

Na usiwaonyeshe kwa mashairi kumi tofauti, tumia ubeti ule ule mkiubadilisha. Kata mshororo wa mwisho ubaki "Jina lake acha pale" peke yake, someni, sasa limekuwa msuko. Rudisha. Sasa waambie ubeti wa pili unaanza hivi:

Atafika ni hakika, vitabu kabeba vyote

Waulize neno la kwanza wameliona wapi. Ndo neno lililofunga ubeti wa kwanza, basi tuko kwenye pindu. Vina je? Vilikuwa le na ka, sasa ni ka na te, vimebadilika pande zote, ukaraguni. Wape kazi wao waandike mshororo mwingine wa kuanza ubeti wa pili ambao unabakisha le katikati na kubadilisha mwisho tu. Wakimaliza wameshatunga ukara kwa mikono yao. Mimi naona hii ni bora mara mia kuliko kuwapa maana ya ukara wakariri, kwa sababu ukara, ukaraguni na ukawafi yanafanana kwa sikio na mtoto akiwa na wasiwasi ndani ya chumba cha mtihani atachukua lolote.

Dalili: kila shairi "lina kibwagizo"

Hii ni fupi. Wamefundishwa mshororo wa mwisho unaitwa kibwagizo wakaishia hapo. Kibwagizo ama kiitikio lazima kirudiwe ubeti baada ya ubeti. Kama mshororo wa mwisho unabadilika kila ubeti, hicho ni kimalizio ama kiishio, na ubeti mmoja peke yake kama wetu hauwezi kukuambia ni kipi hadi uone unaofuata. Wafundishe waangalie ubeti wa pili kabla ya kuandika. Basi.

Dalili: ukisema andika ubeti kwa nathari anakurudishia shairi lenyewe bila koma

Ama kinyume, anakuandikia hadithi, mara kulikuwa na kijiji, mara mamba wakatoka. Ni mtoto yule yule, chanzo ni kimoja, hajui umbali gani anaruhusiwa kutoka kwa shairi. Hakuna aliyemwonyesha mpaka.

Mpaka ni huu: kila jambo lililo kwenye ubeti liwepo, lisiongezwe lingine, lakini lugha iwe ya kawaida kabisa. Fanyeni polepole ubaoni. Kwanza rudisha maneno yaliyokatwa ama kurefushwa, kafuata inakuwa amewafuata, wamemuweka inakuwa wamemweka. Pili panga upya yaliyopinduliwa, "jina lake acha pale" ni "acha jina lake hapo". Tatu, na hapa ndo wengi wanapoteza, weka viunganishi ambavyo shairi limeviacha kwa msomaji. Shairi halijasema "kwa sababu" hata mara moja, lakini sababu iko. Mwishowe mnapata kitu kama hiki:

Mwanafunzi hakufika shuleni kwa sababu amewekwa nyumbani. Mto umejaa na daraja limevunjika, na baba yake amewafuata ng'ombe waliotoroka. Mwalimu asilifute jina lake kwani atafika kesho kutwa.

Linganisheni na ubeti mstari kwa mstari. Nani ameona neno "asilifute" kwenye shairi? Halipo, lipo "acha pale". Je, tumeongeza? Wacheni wabishane, huo ubishi una thamani kuliko jibu, manake hapo ndo wanapima mpaka wenyewe. Na neno "mwalimu" je? Limetoka wapi? Hilo linatupeleka kwa dalili inayofuata.

Dalili: nafsineni ni "mshairi", toni ni "ya huzuni", shairi lolote lile

Huyu mtoto hajasoma shairi, amesoma majibu ya mashairi mengine. Vitabu vya rivisheni vimemfunza kwamba toni ya huzuni inapita mara nyingi kwa hivyo anabahatisha, na saa zingine anapata maksi, ndo maana hawezi kuacha.

Kwa nafsineni mrudishe kwa ubeti: nani anasema? Si mtoto, manake mtoto anatajwa kama mtu mwingine, "jina lake". Si baba, baba ako nyuma ya ng'ombe. Ni mtu anayejua habari za nyumbani kwa huyo mtoto na yuko shuleni saa hii, pengine mwanafunzi mwenzake, pengine jirani aliyetumwa. Anaambiwa nani? Mtu mwenye uwezo wa kuacha jina ama kulifuta, yaani mwalimu na rejista yake. Huyo ndo nafsinenewa, na hajatajwa popote. Wanafunzi wakifika hapo kuna utulivu fulani unaingia darasani, wanaanza kuona kuna watu ndani ya shairi.

Kwa toni, fanya kwa sauti. Mwite mmoja asome "Jina lake acha pale" kama anaamrisha. Mwingine asome kama anasihi. Wa tatu kama anamhakikishia mtu. Alafu darasa liamue ipi inakaa na mishororo mitatu ya kwanza, na kila anayeamua lazima ataje neno lililomfanya aamue. Kanuni iwe moja bila msamaha: hakuna toni bila neno la kuthibitisha. Wakizoea hivyo huzuni itapungua yenyewe, na ikitajwa itakuwa imetajwa kwa haki.

Dalili: "mwalimu hii si Kiswahili"

Wanasema hivi wakikutana na tungo za zamani za Lamu, Pate na Mombasa, na kusema kweli wana haki. Mtoto wa Turkana ama wa Nyamira ambaye Kiswahili alikikuta shuleni, ukimletea Kiamu, lahaja ya Lamu, cha Mwana Kupona aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 bila kumwandaa, umemfungia mlango. Chanzo hapa si uvivu wala si ugumu wa shairi, ni lahaja.

Lakini si lazima wajifunze lahaja nzima. Mabadiliko machache ya sauti yanafungua maneno mengi sana. Ukiona t mahali panaponuka ch, jaribu ch: mato ni macho, nti ni nchi, mtanga ni mchanga. Ukiona nd jaribu nj: ndia ni njia, ndaa ni njaa. Ukiona y jaribu j: moya ni moja, kuya ni kuja. Bandika hiyo karatasi ukutani wiki moja kabla hamjagusa shairi na uwape maneno kama mchezo. Wakifika kwenye shairi watakuwa wanafungua wenyewe, na furaha ya mtoto wa bara kufungua mshororo wa Kiamu bila msaada ni kitu cha kuonea fahari.

Msamiati uliobaki usiwape wote mapema. Wape tu yale maneno ambayo bila hayo shairi halieleweki kabisa, mengine wabahatishe kwa muktadha manake mtihani unauliza maana "kama yalivyotumika katika shairi", na anayekariri kamusi anaandika maana sahihi ya neno lakini si ya pale.

Dalili: "hili halina vina kwa hivyo si shairi"

Hapa kosa ni la kidato cha kwanza. Tuliwaambia shairi ni utungo wenye vina na mizani, nukta. Sasa wakiona shairi huru wanakwama, ama wanaandika "shairi hili limekiuka kanuni" na kuweka kalamu chini. Waambie historia yenyewe, ni tamu. Miaka ya 1970 watu walibishana vikali kuhusu hili, mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 kuna washairi wa mapokeo waliokataa kabisa kwamba yale ni mashairi ya Kiswahili, na wanausasa wakashikilia kwamba vina si uti wa mgongo wa ushairi. Acha darasa ligawanyike libishane hivyo hivyo. Mimi binafsi napenda mizani hadi mfupani, lakini siwezi kumwambia mtoto kwamba sauti isiyo na vina haina ufundi.

Alafu waonyeshe cha kuangalia kama vina havipo. Chukua habari ile ile ya mtoto na mto:

Kiti chake kiko wazi.
Mto
umekula daraja.
Mwalimu, kalamu yako
isifike kwa jina lake
bado.

Kwa nini "Mto" uko peke yake? Kwa nini "bado" imeachwa mwisho? Mto umekula, hiyo si tashihisi? Kuna mshororo unaoishia njiani na kumalizikia kwa unaofuata, hiyo ni mishata, wataiona mara moja. Linganisheni ni lipi linauma zaidi, hili ama lile la vina. Hakuna jibu moja na usilazimishe.

Dalili: darasani wako sawa, pepa ikija wanaanguka

Kama mazungumzo darasani ni mazuri na maksi ni mbaya, usirudie kufundisha shairi. Shida iko kwa kujibu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye KCSE, 102/3, ina alama 80, maswali manne ya alama 20 kila moja, saa mbili na nusu, na mtoto anayezama kwenye shairi kwa saa nzima anakosa muda wa riwaya na tamthilia. Afanye shairi darasani huku ukimpimia muda.

La pili, umbo. Wakiulizwa umbo wanaorodhesha, beti nne, mishororo minne, vina. Hiyo ni nusu. Wazoeshe sentensi kamili yenye ushahidi: kila ubeti una mishororo minne kwa hivyo ni tarbia, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani ni 16, nane kila kipande, vina vya ndani ni le na vya nje ni ka katika ubeti wa kwanza. Na wasome swali linadai nini, taja si eleza, na eleza si taja. Shairi lisomwe mara mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi, mara ya kwanza midomo ikitingisika kama anaghani ndani kwa ndani, hakuna msimamizi atamkataza.

Dalili: hakuna anayeweza kutunga

Kwa sababu tunaanza mbali sana. Tunga shairi la tarbia, beti tano, kuhusu UKIMWI, lete Jumatatu. Hata mtu mzima angekimbia. Anza na kipande kimoja. Mizani nane tu, vina hakuna. Mwanafunzi aseme jambo la kweli la nyumbani kwao. Akishaweza kipande kimoja aongeze cha pili, ndo mshororo. Vina vije mwisho, na Kiswahili kimemsaidia, vitenzi vinavyoishia ka na wa viko tele, vunjika, fika, zaliwa, chukuliwa. Ni vina rahisi, najua, na baadaye utamwomba atafute vigumu zaidi, lakini kwa kuanzia vinampa miguu.

Wakishashika, waache wajibizane. Safu moja itunge ubeti wa kulalamika chakula cha mchana, safu nyingine ijibu kwa vina vile vile. Malumbano yana nguvu ambayo shairi la mtu mmoja halina, na hata Tanzania ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ambazo jina la mshairi Mathias Mnyampala halikosi kutajwa zikizungumziwa, zilipata nguvu sana baada ya Azimio la Arusha la 1967. Watu wanapenda kusikia upande mwingine ukijibu. Kama shule yenu inaenda tamasha za muziki, kuna vitengo vya kukariri na kughani mashairi, wapeleke na tungo zao wenyewe kama kanuni za mwaka huo zinaruhusu.

Na mtoto akikwama, usimwandikie. Muulize unataka kusema nini, aseme kwa maneno ya kawaida. Tuseme amesema "Mama yangu aliuza mboga". Andika ubaoni hivyo hivyo, darasa lipige makofi lihesabu. Kumi. Zimezidi mbili. Waulize nani anaweza kukata mbili bila kuua maana, na uwape muda, usijibu wewe. Mmoja atabana "mama yangu" iwe "mamangu", imeenda moja. Mwingine atasema si tumeona "kafuata", basi "kauza". Mamangu kauza mboga. Pigeni makofi tena, nane. Muulize mwenyewe ni mbinu gani imetumika hapo, alafu aendelee na kipande cha pili.